Mahakama ya Hollywood na mahakama ya Shanghai

Hotuba iliyotolewa mbele ya wapenzi wa sinema za zamani, mara baada ya kuonyeshwa filamu "The Purple Heart" ya mwaka 1944

Wazee wetu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Ndugu zangu wengine, na nyinyi vijana mlioingia picha ikiwa imeshaanza, hamjambo.

Nimewasikia mkipiga makofi mwishoni, pale wale wanane, wanajeshi wa anga wa Marekani waliotekwa na Wajapani, wanapotoka mahakamani bega kwa bega, wimbo wa jeshi la anga ukiwasindikiza kwenda kufa. Sikushangaa. Picha hii ilitengenezwa ili watu wapige makofi hapo hapo, na miaka 80 baadaye bado inayapata. Mimi nimeshaiona mara nyingi, kila kitakachotokea nakijua, na nywele bado zinanisimama. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mmedanganywa, inukeni mwende zenu. Nina swali moja tu ninalotaka tuiulize picha hii: ilijuaje?

Ilijuaje kilichosemwa ndani ya chumba kile cha mahakama? Ilionyeshwa New York mwezi Machi 1944. Wakati huo hakukuwa na Mmarekani yeyote nje ya magereza ya Japani aliyejua kwa undani yaliyowapata mateka wale. Hata serikali yao haikujua. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kwanza mambo yenyewe yalivyokuwa. Tarehe 18 Aprili 1942, miezi minne baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii, ndege 16 za mabomu aina ya B-25 ziliruka kutoka kwenye sitaha ya meli ya kubebea ndege iitwayo Hornet, huko kwenye Bahari ya Pasifiki. Hizo zilikuwa ndege za nchi kavu, nzito, hazikuundwa kwa kazi ya melini. Zikisharuka hazikuwa na namna ya kurudi kutua. Mpango ulikuwa wapige Tokyo na miji mingine ya Japani, kisha wanyooshe mbele hadi Uchina. Kiongozi alikuwa Luteni Kanali James Doolittle. Jumla yao watu 80, watano kila ndege. Mashua ya doria ya Kijapani iliwaona mapema, ikabidi waruke wakiwa mbali kuliko walivyokusudia, na hesabu yote ya mafuta ikavurugika tangu dakika ile. Ndege moja ilitua Vladivostok, Warusi wakawazuia waliokuwemo. Zile 15 nyingine zikaishia Uchina na pwani yake, nyingi gizani na kwenye hali mbaya ya hewa, wengine wakiruka kwa miavuli bila kujua chini kuna nini. Watatu walikufa papo hapo. Wanane, kutoka ndege mbili, waliangukia mikononi mwa Wajapani.

Kwa hesabu ya vita, uharibifu walioufanya Japani haukuwa mkubwa. Lakini mji wa mfalme wao ulikuwa umepigwa, na majenerali wa Tokyo walikuwa wamewaahidi watu kwamba jambo hilo haliwezekani. Rais Roosevelt alipoulizwa ndege zimetokea wapi alijibu kwa mzaha kwamba zimetoka Shangri-La, mahali pa kubuniwa katika riwaya. Baadaye Wamarekani waliunda meli ya kubebea ndege wakaiita jina hilo hilo, na mke wa Doolittle ndiye aliyeizindua. Watu wale walijua kutania.

Sasa rudini kwenye picha mliyoiona. Kesi nzima inazunguka swali moja: ndege zilitoka wapi? Jeshi la nchi kavu la Japani linataka jibu liwe meli, ili aibu iwaangukie wanamaji. Wanamaji hawataki kusikia. Jenerali Mitsubi ameweka heshima yake yote rehani kwa jibu hilo. Na wale wanane wanakubali kufa kuliko kulitamka.

Je, mmegundua jambo? Picha ilipofika kwenye majumba ya sinema, siri hiyo haikuwa siri tena. Aprili 1943 Marekani yenyewe ilitangaza kwamba ndege zilirushwa kutoka Hornet, na Hornet yenyewe ilikuwa imeshazamishwa tangu Oktoba 1942. Kila aliyekata tiketi alilijua jibu. Hapo ndipo ninapoivulia kofia kazi hii. Mtazamaji anakaa kitini akiwa na ile siri mfukoni, na mbele yake mtu anavunjwa mikono kwa ajili ya siri hiyo hiyo. Unajikuta umekuwa mmoja wao. Unawaombea wasiseme kitu ambacho wewe mwenyewe ulikisoma gazetini mwaka mmoja uliopita.

Na wiki ile ile ya Aprili 1943 ndipo Roosevelt alipowatangazia wananchi kwamba Japani imewaua baadhi ya mateka. Baadhi. Ni nani na nani? Japani haikutaja majina, ilipeleka ujumbe kupitia Uswisi kwamba wengine wameuawa na wengine wamepunguziwa adhabu, basi. Hebu fikirieni kuwa mama katika mmoja wa miji midogo ya Marekani, mwanao ni mmoja wa wanane, na umeambiwa "baadhi". Usilie, maana huenda yu hai. Usifurahi, maana huenda wamekwisha kumzika.

Kwenye pengo hilo ndipo Darryl Zanuck alipoingia. Alikuwa mkuu wa utengenezaji wa filamu katika kampuni ya 20th Century-Fox, na hadithi hii aliiandika mwenyewe, kwa jina la bandia la Melville Crossman. Kila studio ilikuwa na serikali mlangoni: tangu katikati ya 1942 kulikuwa na Ofisi ya Habari za Vita, ikipitia miswada na kuuliza kama picha itasaidia kushinda vita. Ila msidhani Zanuck alilazimishwa. Alikuwa amevaa sare ya kanali na kwenda mwenyewe vitani Afrika Kaskazini; huyo alihitaji kushikwa shati, asingehitaji kusukumwa. Mwongozaji ndiye anayenishangaza. Lewis Milestone ni yule yule aliyepata Oscar kwa filamu ya 1930 kuhusu askari wa Kijerumani wa Vita vya Kwanza, ambayo mpaka leo watu huitaja wakitaka mfano wa sinema inayoilaani vita.

Na ustadi wake ameutumia hapa. Hebu tazameni mlango. Mateso katika picha hii hayaonyeshwi hata mara moja. Mtu anaitwa, anasimama, anatoka na walinzi, mlango unafungwa. Tunabaki na wenzake. Tunasubiri. Kisha anarudishwa. Sajenti Skvoznik, mtu wa miraba minne, anarudi kichwa kikimtikisika, macho yamehama. Luteni Canelli, ambaye ni mchoraji, anarudi na mkono usiofaa kitu tena. Sajenti Clinton, kijana kabisa, anayechezwa na Farley Granger, anarudi hawezi kusema. Sheria za sinema za wakati ule zisingeruhusu damu na mayowe kwa kiasi tunachokiona leo kwenye simu zetu, na Milestone akaifanya sheria hiyo kuwa mtumishi wake. Kila mtazamaji anaijaza nafasi ya nyuma ya mlango kwa kile anachokiogopa mwenyewe. Arthur Miller, mpiga picha wake, anaujaza ule ukumbi vivuli, kiasi kwamba weusi na weupe wa picha unaonekana kama uamuzi wa kimaadili ulioshapitishwa kabla ya hakimu kufungua mdomo.

Halafu chombo cha maua. Kapteni Ross, kiongozi wa wale wanane, anayechezwa na Dana Andrews, anawaambia wenzake kila mmoja atumbukize humo beji yake ya mabawa kwa siri. Beji moja tu ikikutwa imevunjwa, atasema kila kitu na wote watapona. Zinamwagwa mezani, zote nzima. Nimejaribu mara kadhaa kuitazama sehemu hiyo kwa jicho la mchambuzi, na kila mara inanishinda.

Lakini ilijuaje?

Jibu ni kwamba haikujua. Kesi ya kweli haikufanyika Tokyo. Ilifanyika Shanghai, tarehe 28 Agosti 1942, ndani ya gereza la kijeshi la Kiangwan. Hakukuwa na waandishi wa habari wa kigeni waliojipanga kwenye viti. Hakukuwa na wakili. Yule Greenbaum wa kwenye picha, mmoja wa wale wanane, mwanasheria Myahudi anayesimama na kuwatajia mahakimu haki za mateka, hakuwa na mwenzake pale Shanghai. Hakukuwa na shahidi hata mmoja, na mashtaka hayakutafsiriwa kwa washtakiwa. Dean Hallmark, rubani kutoka Texas, aliletwa kwenye machela, ameliwa na kuhara hadi hajitambui. George Barr alishindwa kusimama. Sheria waliyohukumiwa nayo, iliyowahusu wanajeshi wa anga wa maadui, ilitungwa mwezi huo huo wa Agosti, miezi minne baada ya kitendo chenyewe. Muda mfupi tu, shauri likaisha. Wote wanane walihukumiwa kifo, na hawakuambiwa.

Na ushahidi? Kabla ya hapo Kempeitai, polisi wa kijeshi wa Japani, waliwahoji kwa kipigo, kwa kuwanyima usingizi, kwa kuwamiminia maji usoni hadi mtu akaribie kuzama. Mwishoni walitia saini karatasi zilizoandikwa kwa Kijapani. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuzisoma.

Hivyo mateso ambayo Zanuck aliyabuni yalikuwa kweli, tena kweli kuliko alivyojua. Kilichokuwa uongo ni yale maneno. Hollywood iliwapa wale vijana hotuba, ikawapa wakili, ikawapa dunia nzima iwasikilize. Hotuba ya mwisho ya Ross haikuwahi kutolewa, maana hapakuwa na nafasi ya mtu kusema lolote, wala aliyeelewa lugha yao hakutaka kusikiliza.

Tarehe 14 Oktoba 1942 watatu walijulishwa kwamba watakufa kesho yake: Hallmark, William Farrow na Harold Spatz. Spatz, mwana wa Kansas, alikuwa na miaka 21. Walipewa karatasi waandike barua nyumbani. Farrow alimwandikia mama yake akimliwaza asivunjike moyo. Barua zile hazikutumwa. Zilikaa kwenye majalada ya Wajapani mpaka vita vikaisha. Siku ya pili walipelekwa makaburini nje ya mji, wakafungwa kwenye misalaba midogo ya mbao, wakapigwa risasi. Watano waliobaki waliambiwa mfalme amewahurumia, watafungwa maisha. Robert Meder alikufa gerezani Nanjing mwezi Desemba 1943 kwa njaa na maradhi. Kwa maneno mengine, picha ikiwa inatengenezwa Hollywood, na majina ya kubuni yakigawiwa waigizaji, Meder alikuwa anakata roho.

Chase Nielsen, Robert Hite, George Barr na Jacob DeShazer walitoka hai Agosti 1945, baada ya miezi 40, muda mwingi wakiwa wamefungwa peke yao. Habari ya DeShazer mngeiona kwenye sinema mngesema mwandishi amezidisha. Gerezani alipewa Biblia kwa wiki chache, akaisoma usiku na mchana. Mwaka 1948 alirudi Japani kama mmisionari, na kijitabu chake kikamfikia Mitsuo Fuchida, yule rubani aliyeongoza shambulio la Pearl Harbor. Fuchida akabatizwa, wawili wale wakawa marafiki. Ofisi ya Habari za Vita isingepitisha mswada kama huo.

Sasa niseme ilichoacha picha, maana hapo ndipo ninapogombana nayo. Mchina mkubwa mnayemwona ni gavana msaliti anayewauza Wamarekani. Ni kweli mwanawe anamuua mle mle mahakamani ili kuisafisha familia. Lakini waulizeni watu wa Zhejiang na Jiangxi. Wengi wa wale 80 waliokolewa na wakulima na wavuvi wa Kichina waliowaficha, wakawalisha na kuwabeba kwa machela milimani. Jeshi la Japani liliingia majimbo hayo mwezi Mei 1942, likachoma miji, likalipiza kijiji kwa kijiji, na likaacha vijidudu vya magonjwa kwenye visima. Makadirio yanayotajwa sana ya raia waliokufa ni 250,000. Hao hawana beji ya mabawa wala chombo cha maua. Kama mngetaka kutengeneza picha nyingine kuhusu uvamizi ule, ningewashauri muanze na hao.

Na raia wa Japani? Kwenye picha, shtaka la kuwapiga raia ni uzushi mtupu. Katika historia, watu wapatao 50 walikufa katika miji ile siku ile, na raia walikuwemo, hata mwanafunzi wa shule. Haya hayahalalishi kesi isiyo na wakili. Ila mwandishi aliyetaka kusema kweli angekuwa na kazi ngumu zaidi: kuwatetea mateka wake huku akiwa amekubali kwamba mabomu hayaulizi mtu umri.

Mmeona pia ile ngoma ya mapanga, habari za kuanguka kwa Corregidor, ngome ya Wamarekani huko Ufilipino, zinapoingia na maofisa wa Kijapani kuruka kama waliopagawa. Na Jenerali Mitsubi mwenye tabasamu la nyoka? Aliyemcheza ni Richard Loo, mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Kichina. Wachina wa Marekani walipata kazi tele miaka ile, wakicheza Wajapani. Wamarekani wenye asili ya Kijapani, karibu 120,000, walikuwa nyuma ya seng'enge kwa amri ambayo Roosevelt aliitia saini Februari 1942. Na tukiangalia kikosi chenyewe cha Ross, yumo mwenye asili ya Italia, yumo Myahudi, yumo Mslavi. Mtu mweusi hayumo. Hilo kwa bahati mbaya ni kweli tupu: jeshi lao la anga lilikuwa limetenganishwa kwa rangi, na marubani weusi waliofunzwa Tuskegee walikuwa na kikosi chao peke yao.

Kuna wazee hapa waliolelewa na watu wa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, kwa hiyo niseme neno moja kuhusu sisi. Miezi michache tu baada ya picha hii kutoka, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma, ikilisukuma jeshi hilo hilo la Japani kwenye matope ya bonde la Kabaw hadi Kalewa. Kwa hiyo yule adui wa kwenye kitambaa cheupe hakuwa wa Wamarekani peke yao.

Nakaribia kumaliza. Hotuba ya Ross mmeisikia: vita hii mliitaka nyinyi, na haitakwisha mpaka himaya yenu ifutwe. Makofi yenu yalianzia hapo. Yaliyopigwa New York Machi 1944 yalianzia hapo hapo, nina hakika. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege za Marekani ziliiteketeza Tokyo kwa mabomu ya moto, watu kama 100,000 wakafa usiku mmoja. Sisemi picha ndiyo iliyoangusha mabomu. Nasema walioitazama walikuwa wameshaandaliwa kuipokea habari ile wakiwa mezani wanakunywa kahawa.

Ipo mahakama ya tatu, na hiyo Hollywood haikuigusa. Mwanzoni mwa 1946, Shanghai hiyo hiyo, safari hii kwenye gereza la Ward Road, Wamarekani waliwapandisha kizimbani maofisa wanne wa Kijapani kwa ajili ya kesi ya wale wanane. Nielsen alirudi kutoa ushahidi. Washtakiwa walikuwa na mawakili, walikuwa na wakalimani, kesi ilikwenda kwa wiki kadhaa. Watatu, pamoja na Jenerali Shigeru Sawada aliyekuwa kamanda wa jeshi lile, walipewa miaka 5 ya kazi ngumu. Wa nne, Yusei Wako, aliyekuwa mmoja wa mahakimu mwaka 1942, alipewa miaka 9. Majaji walisema wale watu walifuata amri kutoka juu. Wengi Marekani walikasirika, waliona adhabu ni ndogo mno.

Mimi naona majaji wale walifanya kazi yao, ingawa najua wapo humu watakaonipinga, na mmoja wao ameshanyoosha mkono tangu nilipotaja Tokyo. Mpeni kipaza sauti.